Dena Yupi?

Nyevu Sanga wa Redio Kifuu, pale Malindi, alikuwa mtu wa shaka. Simaanishi shaka ndogo kama ile yangu na yako tukiambiwa samaki ni wa leo. Nyevu ukimwambia mvua inanyesha, alitoa mkono dirishani kwanza, kisha akampigia mtu wa mtaa wa pili kumwuliza kama na kwake inanyesha. Mumewe Lewis, mwalimu mpole asiyejua hata kugombana na kuku, husema siku alipopeleka posa Nyevu aliomba wiki mbili akaulize habari zake. Lewis alidhani ni utani wa wachumba. Wiki iliyofuata mchungaji wao akamwambia kuna mwanamke mmoja alikuja kumhoji mpaka jasho likamtoka.

Kazi yake ilikuwa kusoma habari za saa saba mchana na za saa moja jioni, na baada ya habari, matangazo ya vifo. Wageni huyacheka matangazo haya. Wacheke tu. Watu wa Junju, wa Kaloleni, wa Marafa na mashamba yote yaliyo katikati, ikifika saa ile hunyamazisha watoto, wakasikiliza nani amefariki, anazikwa lini, na jamaa gani wanaitwa. Kuna watu wamewahi mazishi ya mzazi wao kwa sababu ya sauti ya Nyevu.

Na kuna mtu sauti hiyo hiyo ilimvunja. Miaka tisa nyuma, Nyevu akiwa mgeni kazini, aliletewa karatasi kwamba mgema mmoja wa Kaloleni amefariki. Akaisoma kama ilivyo. Kumbe mgema yuko juu ya mnazi wake, mzima wa afya, anagema. Karatasi ililetwa na mtu waliyegombana naye. Mamake mgema alikuwa anapepeta mahindi, redio iko kando yake. Alianguka pale pale, akapooza upande mmoja. Nyevu alikwenda kumwomba radhi, na mama yule alimtazama tu, kwa maana hata ulimi ulikuwa hauinuki.

Tangu hapo akajiwekea sheria: sauti mbili. Moja ya familia, moja ya chifu au naibu wake. Zisipopatikana zote mbili hasomi, hata umlilie. Na ile methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja, ukiitamka mbele yake alikukemea. "Hiyo ni methali ya wavivu," alikuwa akisema. "Lisemwalo limesemwa, basi. Kama lipo, nenda ukalitazame." Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wala mimi simlaumu kwa hilo. Lawama yangu iko mbele.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, aliingia mwanamume mmoja amejaa vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi. Alijitaja kuwa Phineas, dereva wa lori la matofali ya mawe. Alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake kikavu, na hakukaa alipokaribishwa. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mbele ya Gerishom wa mapokezi.

"Hii ni ya kusomwa leo," akasema. "Leo leo."

Nyevu alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Neno "leo leo" likamsimamisha. Akaichukua karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka: *Familia inasikitika kutangaza kifo cha Dena Menza wa Marafa. Habari zimfikie dada yake Janet Menza wa Junju popote alipo, afike bila kukosa. Mazishi ni Jumamosi saa nane nyumbani.* Chini palikuwa na nambari ya simu.

"Wewe ni nani wake?" Nyevu akauliza.

"Mimi si mtu wake. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Mama mmoja. Alisimamisha lori pale Marafa, akanipa karatasi na pesa ya tangazo, akaniambia nipeleke redio."

"Jina lake?"

"Sikumwuliza."

"Marehemu alikuwa na umri gani? Amefia wapi? Aliugua?"

"Mama," Phineas akasema, sasa amekasirika, "mimi nabeba mawe. Nimewasaidia tu watu. Nyinyi someni."

Akatoka. Nyevu alimfuata kwa macho kupitia dirishani, akaandika nambari ya lori kwenye kiganja chake. Kisha akamgeukia Gerishom.

"Umeona? Mtu anakuja na kifo cha watu hajui jina la aliyemtuma. Barua ya chifu hakuna. Maiti iko wapi, haikuandikwa. Hata pole hakusema."

"Pengine ana haraka," Gerishom akasema. Gerishom alikuwa mtu wa kuamini, maskini, na ndiyo maana hakupewa kusoma chochote.

"Mwongo daima ana haraka."

Akaipiga ile nambari. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikaita mara mbili, ikakatwa. Mara ya tatu ikakatwa kabla hata haijaita vizuri. Mtu aliyefiwa, anayengoja dada wa marehemu aitwe, anakata simu ya redio? Nyevu akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Akampigia naibu wa chifu wa kule. Naibu akajibu kwamba yuko Kilifi kwa semina tangu Jumatatu na hajaletewa habari ya kifo chochote. Basi, sauti ya serikali imesema hakuna, na sauti ya familia inakata simu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningeiweka karatasi ile kando, nikangoja. Nyevu hakujua kungoja. Saa nne na nusu alikuwa juu ya bodaboda ya Owen, kijana wa watu aliyemzoea, wanavuka daraja la Sabaki kuelekea Marafa.

Njiani alikuwa ameshaipanga habari yake. Ulikuwa umezuka mchezo siku zile, watu wanatangaza kifo cha uongo, wanachangisha matanga, wakishapata wanatoweka. Ilikuwa imetokea mara mbili upande wa Junju, na karatasi hii ilimtaja mtu wa Junju. Dena Menza huyu, kama yupo, atakuwa mtu mzima ambaye jina lake linafahamika, ili watu wachange bila kuuliza. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Marafa pale madukani, njia ya watalii wanaokwenda kulitazama korongo, aliuliza: "Kwa Dena Menza ni wapi?" Muuza soda hata hakufikiri. Alinyoosha mkono: pita kanisa, mwembe wa pili, mji wa kushoto. Sisi huku boma la mtu na wanawe wote huliita mji. Swali la Nyevu lilikuwa fupi na jibu lilikuwa fupi, naye akashukuru akaondoka. Lo! Laiti angeongeza neno moja tu pale dukani.

Kwenye kiti cha kamba, kivulini, alikuta mzee wa miaka themanini na ushei, mwembamba, macho yana ukungu, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Namtafuta Mzee Dena Menza."

"Umempata. Keti."

Moyo wa Nyevu uliruka kwa furaha, na nasema furaha kwa makusudi. Angeweza kufurahi kwamba mtu yu hai. Alifurahi kwamba yeye hakukosea. Akamshika mzee mkono, ukawa wa joto na mgumu wa kazi. Wakati huo huo macho yake yalikuwa yanazunguka mji mzima. Nyuma ya jiko palikuwa na rundo la kuni mpya, nyingi mno kwa chakula cha watu wa nyumba moja. Sufuria mbili kubwa, zile za kuazima kanisani, zimefunikwa kwa gunia. Wanawake wanne walikuwa wamekaa chini ya ukuta wa nyumba ya pili, wakinong'ona. Walipomwona mgeni wakanyamaza wote. Mmoja alijifunika uso kwa leso akaingia ndani. Mjini hapakuwa na mwanamume mwingine hata mmoja.

Wamejiandaa kupokea wachangaji, Nyevu akajiambia. Na mzee wa watu hata hajui.

Akatoka mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, macho mekundu. Akamsalimia mgeni kwa sauti ya chini, akajitambulisha kuwa Charity, mkaza mwana wa mzee, mke wa mwanawe. Akasimama nyuma ya kiti cha mkwewe, mkono mmoja umeshika mti wa kiti.

"Mzee," Nyevu akasema, "mimi natoka Redio Kifuu. Leo asubuhi tumeletewa karatasi kwamba Dena Menza wa Marafa amefariki."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nikifa, si nitakuwa wa kwanza kujua?" Kisha akageuza shingo. "Charity, nani amekwenda kunizika redioni?"

Nyevu akamwona Charity midomo ikitikisika. Hapo, bila kumwondolea macho, akaingiza mkono mkobani akabonyeza ile nambari ya kwenye karatasi. Simu ikalia. Ikalia ndani ya leso ya Charity, kiunoni. Charity aliruka kama aliyechomwa, akaishika, akaikata.

Nimekupata, Nyevu akasema moyoni.

"Charity, nakuuliza," mzee akasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba." Alimtazama Nyevu moja kwa moja, macho yake yamejaa maji, na alisema polepole, neno kwa neno. "Dada, hapa hakuna msiba. Wamekosea. Nenda kwa amani."

Basi Nyevu akaaga. Alipoinuka, Charity akajifunga leso vizuri, akasema: "Ngoja nikusindikize."

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo palipoharibika. Huku kwetu mgeni husindikizwa, hilo hata mtoto anajua. Lakini mtu mzima anajua na la ziada: yasiyosemeka mbele ya mzee husemwa njiani, mwenyeji akimsindikiza mgeni. Posa huvunjwa njiani. Ugonjwa hutajwa njiani. Ukisikia "ngoja nikusindikize" na sauti inatetemeka, unapunguza mwendo. Nyevu ni Mgiriama wa kuzaliwa, bibi yake alimlea kwa desturi hizo hizo. Ila siku ile alisikia mtuhumiwa anataka kumpeleka faragha akamhonge, au amlilie, au amtishe.

"Usijisumbue, mama," akasema. "Nilikuja mwenyewe, nitarudi mwenyewe."

Charity alimfuata hatua kadhaa. "Dada, nakuomba. Mpaka pale barabarani tu."

"Nimesema usijisumbue."

Akapanda bodaboda. Owen alimwambia, "Mama yule anakimbia nyuma yetu." Nyevu akajibu, "Endesha."

Alifika ofisini saa kumi, vumbi tele, uso unang'aa. Gachanja, meneja wa kituo, mtu wa Nyeri aliyeuza vifaa vya ujenzi miaka mingi kabla ya kuingia kwenye redio, alimsikiliza akiwa amesimama. "Nyevu, hii ni stori," akasema akipiga meza. "Ingia nayo saa moja, ikiwa ya kwanza." Gerishom peke yake ndiye aliyejikuna kichwa. Aliitazama ile karatasi, akauliza kwa sauti ndogo huyu dada Janet wa Junju naye ni nani.

"Wallahi hapo ndipo walipojisahau!" Nyevu akacheka. "Mzee wa miaka themanini na kitu ana dada anaitwa Janet? Marafa ya miaka ile, nani alikuwa anaitwa Janet? Mwongo hasahau kusema uongo, husahau kuupima."

Masikini, ukweli ulikuwa umekaa mezani mbele yake, umeandikwa kwa wino wa bluu, naye akauhesabu kuwa ushahidi wa pili. Ndivyo shaka inavyofanya ikiachiwa kula bila kipimo. Haikuulizi tena, inakujibu.

Saa moja jioni akafungua kipaza sauti. "Wasikilizaji, leo kituo hiki kililetewa tangazo la kifo cha Dena Menza wa Marafa. Tangazo hilo ni la uongo. Dena Menza yu hai. Nimemwona kwa macho yangu na nimemshika mkono. Katika mji ule hakuna msiba wowote. Mkiombwa mchango wa matanga hayo, msitoe, na jihadharini na matapeli wa vifo."

Pima mwenyewe. Alichokiona ni mzee mmoja aliye hai. Alichokisema ni kwamba mji mzima hauna msiba na wenyewe ni matapeli. Katikati ya alichokiona na alichokisema pana nafasi, na nafasi hiyo hakuijaza kwa kuuliza, aliijaza kwa kujiamini. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa Nyevu ulikuwa na mnara wa redio nyuma yake.

Ijumaa simu za pongezi zilikuwa haziishi. Saa tano hivi Gerishom alichungulia mlangoni. "Dada Nyevu, ile nambari ya Marafa inapiga. Hii ni mara ya nne."

"Iache iite."

"Niwaulize wanataka nini?"

"Wanataka kujua kama nimewataja kwa polisi. Iache iite, Gerishom."

Ikaita. Mchana haikupiga tena. Jumamosi ilipita, Jumapili ikapita, Nyevu akaenda kanisani na Lewis, watu wakamshika mkono.

Jumatatu, saa nne asubuhi, aliingia mwanamke wa miaka karibu arobaini, leso nyeusi kichwani, viatu mkononi kwa sababu kimoja kilikuwa kimekatika njiani. Alimwambia Gerishom anataka kumwona yule anayesoma vifo. Nyevu akatoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Una tangazo?"

"Mimi ni Janet Menza. Wa Junju."

Nyevu alikaa. Hata hapo, Mungu amsamehe, shaka yake ilijaribu mara ya mwisho: pengine ni mwenzao. Akasema, "Dena Menza ni kaka yako? Nimemwona mimi. Ni mzee."

"Uliyemwona ni babu," Janet akasema. "Babu ni Dena Menza. Baba ni Menza Dena. Ndugu yangu ni Dena Menza. Dada, wewe si wa kwetu? Hujui majina yanarudi?"

Alijua. Yeye mwenyewe aliitwa Nyevu kwa kuwa bibi yake aliitwa Nyevu. Mjukuu hupewa jina la babu, mzunguko kwa mzunguko, na katika kila mji wa kule ukiuliza Dena Menza, mtu mwenye akili hukujibu kwa swali: Dena yupi? Muuza soda hakuuliza kwa sababu hakujua alichofuata mgeni. Nyevu alijua alichofuata, na hakuuliza.

Janet hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alieleza akiwa amesimama, akitazama ukuta. Dena mdogo alikuwa fundi wa mawe Lamu. Jumanne alianguka kutoka jukwaani kwenye nyumba waliyokuwa wakiijenga, akafa siku ile ile. Baba na wajomba wakaenda kuleta maiti. Nyumbani wakaamua babu asiambiwe mpaka mwili ufike, kwa kuwa moyo wake ni mbovu na mjukuu yule ndiye aliyebeba jina lake. Redio ya nyumbani wakaitoa betri. Ndiyo maana wanawake walilia ndani ya nyumba, midomo imezibwa kwa leso.

"Na Charity," Nyevu akasema. "Yule mama aliyeniambia hakuna msiba."

"Ni mama yetu. Ndiye aliyemzaa."

Gerishom aligeukia ukutani.

"Alitaka kukusindikiza akuambie," Janet akaendelea. "Anasema alikukimbilia mpaka kiatu kikamtoka. Simu alikuwa anaikata kwa sababu babu yuko pale pale. Ijumaa akakupigia, hukushika. Mimi simu yangu ilitumbukia majini mwezi uliopita. Lakini Jumatano mama mmoja muuza maembe aliniambia amesikia kwetu kuna msiba wa Dena, hajui Dena yupi. Nikaanza kufunga nguo na kutafuta nauli. Alhamisi jioni nikasikia sauti yako. Ukasema umemshika mkono. Ukasema mji ule hauna msiba wowote. Hukusema mzee, hukusema kijana. Nikajua wote wawili wazima. Nikafungua nguo, nikazikunja, nikazirudisha."

"Dada Janet..."

"Ngoja. Majirani walikuja kunipa hongera. Jumamosi nikawapikia chai na mahamri, kumshukuru Mungu. Saa nane, wakati wanamteremsha ndugu yangu, mimi nilikuwa nacheka. Jana asubuhi baba akaja mwenyewe mpaka Junju. Alikuja kuniuliza kwa nini sikuja kumzika mtoto niliyembeba mgongoni."

Nyevu alikuwa analia sasa, waziwazi, pua inatoka, wala hakujipangusa. Janet hakumwambia anyamaze.

"Watu walikuja wachache, baba anasema. Waliokuja, wengine walikuja kuangalia kama maiti ipo. Mzee mmoja wa kanisa alisema heri jeneza lifunguliwe watu waone, kwa sababu redio imesema. Mama yangu akalifungua. Kwa mikono yake."

Gachanja alikuwa ametoka ofisini kwake, amesikia nusu. Mtu huyo si mbaya, ila biashara ilikuwa imemkaa. Alimpa Janet pole, akamvuta Nyevu kando. "Tutasoma kitu kifupi," akanong'ona. "Sema kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano, kituo kinasikitika. Jina lako usiliweke. Tukikubali makosa namna hiyo, kesho ni wakili."

"Hapakuwa na hitilafu ya mawasiliano," Nyevu akasema. "Mawasiliano yalikuwepo. Yaliita mara nne."

"Nyevu, nafikiria kituo. Na kazi yako."

"Fikiria. Mimi nasoma saa saba."

Akamrudia Janet. Hakumwomba radhi, kwa sababu aliona ile radhi ingekuwa ya kujipa raha mwenyewe. Akauliza, "Unataka nifanye nini?"

"Huko Junju mpaka leo ananisalimia mtu, ananiambia hongera," Janet akasema. "Kila mmoja namweleza upya. Wewe ndiwe uliyewaambia yu hai. Wewe uwaambie."

Basi wakakaa mezani, Nyevu akachukua kalamu. Aliuliza jina, Janet akalitaja, Nyevu akauliza tena Dena gani, mwana wa nani, mjukuu wa nani. Umri thelathini na nne. Fundi wa mawe. Mke wake Pamela, watoto wawili, wa pili hajatambaa bado. Alipenda nini? Janet akafikiri, akasema alipenda kuimba akiwa juu ya jukwaa, tena vibaya, mafundi wenzake wakimtupia kokoto anyamaze. Nyevu akaandika na hilo. Alimpigia Charity, akasikia sauti ile ile ya chini, akamsomea maneno yote, akauliza kama kuna neno la kusahihisha. Charity akasema hakuna. Akampigia naibu wa chifu. Hakuruka kitu.

Saa saba Janet aliketi ndani ya studio, mkabala naye, viatu vyake mapajani. Gachanja alisimama nyuma ya kioo, mikono kifuani, hakumzuia.

"Wasikilizaji," Nyevu akasema, "mimi ni Nyevu Sanga. Alhamisi jioni niliwaambia Dena Menza wa Marafa yu hai na mji wake hauna msiba. Niliwaambia uongo. Nilimwona babu yake mwenye jina hilo, na sikuuliza ni Dena yupi. Mamake marehemu alinikimbilia anieleze, nikamkataa. Alinipigia simu, sikushika. Familia ile si matapeli. Ni watu waliofiwa, na mimi niliwaongezea. Waliokataa kwenda kuwazikia kwa sababu yangu, deni hilo ni langu, si lao." Akavuta pumzi. Akasoma lile tangazo lote, jina, umri, kazi, mke, watoto, na ile habari ya kuimba. "Dena Menza, mwana wa Menza Dena, amefariki. Alizikwa Jumamosi saa nane. Dada yake Janet, wa Junju, hakuwapo, na kosa si lake."

Akazima kipaza sauti. Taa nyekundu ikazimika. Janet alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza bado, kama vile maneno yalikuwa hayajamaliza kufika.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."

Ndipo alipoanza kulia.